Kwa nini matairi ya tela huchomoka barabarani?

Tairi la tela likichomoka halichagui. Pamoja na rimu yake lina zaidi ya kilo 100, linakimbia kwa mwendo wa lori lenyewe, na mara nyingi dereva hajui kama limeondoka. Wa kwanza kujua ni mwenda kwa miguu, kijana wa bodaboda au mama muuza ndizi kando ya barabara.

Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, njia ya mizigo ya Zambia na Kongo, tumezoea kulaumu mwendo kasi na mashimo. Lakini tukizungumza na madereva na mafundi wa tairi, tunaona chanzo kingine kinachoanza gari likiwa limesimama: nati.

Nati inashika vipi?

Wengi hudhani nati ndizo zinazobeba gurudumu. Sivyo. Nati ikikazwa sawasawa huvuta bolti, bolti hunyooka kidogo mno kama springi, na mvuto huo huibana rimu kwenye habu. Mbano ukipungua, rimu huanza kucheza, matundu hupanuka na bolti hukatika moja baada ya nyingine.

Kinachopunguza mbano ni kutu, matope au rangi nene iliyobaki katikati ya rimu na habu. Gari likitembea, uchafu husagika na nati iliyokuwa ngumu hulegea. Ndiyo maana baada ya kubadili tairi inashauriwa kusimama na kukagua tena ndani ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo.

Kukaza kupita kiasi nako ni hatari. Bolti nyingi za tela, zenye unene wa milimita 22, huhitaji kati ya Nm 600 na 700; kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha mtengenezaji wa ekseli. Hiyo ni sawa na mtu wa kilo 65 kusimama mwisho wa bomba la mita moja. Utingo mzito akirukaruka juu ya bomba la mita mbili, bolti huvutwa hadi isirudi tena. Spana yenye kipimo ndiyo jibu, na nati zikazwe kwa kupishana, si kwa kufuatana.

Huko Uingereza, ambako magari hupita kushoto kama kwetu, imeonekana magurudumu ya nyuma ya kushoto ndiyo huchomoka zaidi. Dereva aanzie huko.

Matundu kumi hayatoshi

Rimu ikiingia kwenye bolti kumi haina maana kwamba inafaa. Kuna rimu zinazokaa kwa tundu la katikati na hutumia nati bapa zenye washa. Nyingine huwekwa sawa na nati zenye ncha ya pia. Ukizichanganya, nati hugusa sehemu ndogo tu na haishiki.

Matairi pacha nayo yalingane. Tairi la 11R22.5 likifungwa pamoja na 12R22.5, kimo hupishana kwa karibu sentimita 3. Kubwa hubeba mzigo wa mwenzake, hupata joto na kupasuka. Soma pia namba za mzigo ubavuni: 156/150 maana yake kilo 4,000 likiwa peke yake, kilo 3,350 likiwa pacha.

Nani awajibike?

Mizani hukagua uzito, na kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 56. Nati huachiwa dereva anayeharakishwa na tajiri, na fundi anayelipwa kwa tairi, si kwa usalama. Kwa maoni yetu, mwenye gari ndiye wa kununua spana yenye kipimo na kumpa dereva muda wa kusimama.

Nawe msikilizaji, ukiona tela limeegeshwa na michirizi ya kutu inatoka kwenye nati, mwambie dereva. Hiyo ni dalili kwamba zimeanza kulegea.