Sherehe Zipite, Bustani Ibaki

Kila ifikapo Julai Mosi, Bujumbura huadhimisha uhuru wetu wa mwaka 1962 kwa gwaride na ngoma, na hapana mwananchi mwema atakayelinung'unikia jambo hilo. Lakini Julai ni katikati ya kiangazi. Sherehe zinapofurika hadi bustanini, nyasi zilizokanyagwa siku hiyo hazitapata mvua ya kuzifufua mpaka Septemba. Muda wote huo udongo hukaa wazi, mgumu kama sakafu. Na mvua zinapoanza, maji hayazami, bali huteremka na kuubeba udongo wenyewe.

Twawaandikia ninyi, ndugu askari wa jeshi na polisi, kwa kuwa ndio mnaotangulia kufika penye mkutano na ndio mnaoondoka mwisho. Ninyi huamua malori yaegeshwe wapi na umati upite njia ipi. Uzito wa lori hushindilia udongo hata mizizi ikakosa hewa. Mti haufi siku ile; hufa baada ya miaka, wakati hapana akumbukaye ilikuwa sherehe gani. Ofisa akiamuru lori libaki barabarani, ameuokoa.

Machi 2014, meya wa Bujumbura alipopiga marufuku mbio za vikundi barabarani, wakimbiaji walielekezwa kwenye bustani na viwanja vilivyotajwa. Kuihukumu amri ile si shabaha yetu leo. Ilidhihirisha tu kwamba kinachoondolewa barabarani huhamia kwenye nyasi. Na mwezi mmoja kabla yake, usiku wa Februari 9, mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini. Maji yale yalitoka milimani, na hatudai kwamba bustani ingaliyazuia. Hata hivyo, mji uliokaa chini ya milima hauwezi kuchezea kipande chochote cha ardhi ambacho bado kinakunywa maji.

Jirani zetu wa Nairobi wameyaona hayo katika Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 serikali yao ilikusudia kusimamisha humo jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai alipinga, akatukanwa hadharani, na mwishowe mpango ukaachwa. Bustani ikaponea jengo, ila haikuponea mikutano. Humo ndimo katiba mpya ilimotangazwa Agosti 27, 2010, siku tukufu kwa Wakenya, na humo ndimo siasa ilimokusanya maelfu mwaka hata mwaka. Mwaka 2021 ilibidi ifungwe kwa ukarabati, chini ya idara iliyoongozwa na mwanajeshi, Meja Jenerali Mohamed Badi. Wananchi wakakaa nje ya uzio.

Sisi hatutaki kufika huko. Mikusanyiko mikubwa ina mahali pake, Uwanja wa Intwari, uliojengwa kwa ajili ya umati. Bustani iachiwe shughuli ndogo, bila gari kukanyaga nyasi, na mwenye kibali aikague pamoja na polisi kabla na baada, alipe alichoharibu. Mwenye nyumba yenye ua mpana hatahisi upungufu bustani ikifa. Atakayeuhisi ni mtoto wa Buyenzi, ambako nyumba zimebanana, na askari asiye zamu anayetafuta kivuli cha kuketi na familia yake.

Basi kabla ya Julai ijayo, makamanda na wakuu wa mji wakutane, wachore ramani ya maegesho na njia za umati, na kila kikosi kipewe nakala yake.