Homa ya mtoto: dawa imefika kijijini kabla ya kipimo

Mtoto anachemka usiku kucha. Asubuhi kipimo cha malaria kinaonyesha hana. Kinachofuata katika vijiji vingi vya Mbeya na Iringa ni neno moja: UTI. Mzazi anarudi nyumbani na chupa ya antibiotiki, na mkojo wa mtoto haujapimwa.

UTI kwa watoto ipo, na ni hatari. Vijidudu, mara nyingi vile vinavyoishi kwenye kinyesi, hupanda njia ya mkojo. Vikifika kwenye figo vinaweza kuacha makovu ya kudumu. Lakini si kila homa ni UTI.

Miaka michache iliyopita, watafiti wa mradi wa HATUA walipima mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI, watu wazima na watoto, nchini Kenya, Uganda na Tanzania, ukiwemo mkoa wa Mbeya. Maambukizi yalithibitika kwa takribani 35 kati ya kila 100. Karibu nusu ya vijidudu vilivyopatikana vilikuwa sugu kwa makundi 3 au zaidi ya dawa.

Maana yake, wengi hunywa dawa wasiyoihitaji, na walio wagonjwa kweli wanaweza kupewa isiyowasaidia.

Serikali ina mpango wa taifa wa 2023 hadi 2028 wa kupambana na usugu huu. Kikwazo tunachokiona ni umbali. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza dawa hadi vijijini. Kipimo cha kuotesha vijidudu bado kiko hospitali kubwa, na majibu huchukua siku 2 au 3. Zahanati hutegemea kijiti cha kupima mkojo, kikiwepo. Mpango utakuwa na maana kwa mzazi wa Kilolo au Rungwe siku vijiti hivyo havitakosekana.

Kwa sasa, mzazi, omba mkojo upimwe kabla ya dozi ya kwanza. Tumia chombo safi na uufikishe mapema. Ukipewa dawa, mpe mtoto siku zote alizoandikiwa, hata akichangamka, na usimgawie mwingine iliyobaki. Asipopata nafuu ndani ya siku 2, mrudishe.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa, au yeyote anayetapika kila kitu, kukataa kunyonya au kulegea, usimpitishe dukani. Mpeleke kituo cha afya mara moja.