Mizani na Uhaba wa Nafasi

Kuna wahakiki wanaodai kwamba udogo wa kaseti za michezo ya video ya Kijapani uliwafunza watunzi wake ufupi, kama mizani inavyomfunza mshairi. Ulinganisho huu hauna mashiko. Mizani hubana mshororo, haibani utungo: mwenye utenzi ana mizani nane, lakini beti aweza kuongeza hata elfu. Yuji Horii alipobuni Dragon Quest (1986), alikuwa na kilobaiti 64 kwa kila kitu: picha, muziki, ramani na maneno. Herufi za katakana, ambazo Wajapani huandikia majina ya kigeni, ziliingia ishirini hivi tu, na majina ya mazimwi yakabuniwa kwa hizo hizo. Ni arudhi gani iliyowahi kumnyang'anya malenga herufi? Tukiukubali ulinganisho huu, tutahesabu ughali wa vifaa kuwa ustadi wa mtunzi, na Horii mwenyewe (ambaye ustadi wake si haba) tutakuwa tumempunja. Isitoshe, nafasi ilipopatikana haikwenda kwa maneno. Final Fantasy VII (1997) ilijaza sahani tatu, na sehemu kubwa ikaliwa na filamu.