Sanduku Hupimwa kwa Kilichomo

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila anayekusanya filamu za kuweka nyumbani.

Tuchukue tamthilia ya vipindi 10 iitwayo Band of Brothers. Mwaka 2002 ilitolewa katika sanduku la bati lenye diski 6. Inasimulia vita vya Kombania ya Easy, Kikosi cha 506 cha askari wa miavuli wa Marekani, katika Vita Kuu ya Pili.

Bati hilo lapendeza, na kwa uimara lashinda karatasi. Lakini ninyi, ndugu askari, hamlipimi sanduku la risasi kwa rangi yake; mwalifungua. Na hili lipimwe hivyo hivyo: je, diski zimeshikwa barabara? Zatoka bila kupindwa wala kukwaruzwa? Bati lastahimili unyevu?

Maana diski moja imebeba sauti za wapiganaji wenyewe, na wa mwisho wao, Bradford Freeman, alifariki mwaka 2022. Bati likibonyea, lanyooshwa. Diski ikiharibika, mwenyewe amepoteza mashahidi ambao hawaulizwi tena.