Mchezo Unaosimamisha Saa, na Umri Usiosimama

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, michezo ya kompyuta si jambo la mijini pekee tena. Simu ya mkononi imeifikisha hata Ikuti, katika milima ya Rungwe, na mzazi wa huko ana haki ya kuuliza: je, michezo ya kupiga risasi itamfanya mwanangu kuwa muuaji? Swali hilo ni zito, lakini lipo jingine lililo zito zaidi. Tutazame mfano mmoja.

Mwaka 2013, watengenezaji wa Poland walitunga kwa siku saba mchezo uitwao SUPERHOT, uliochezwa bure ndani ya kivinjari cha intaneti. Toleo kamili likaanza kuuzwa mwaka 2016. Mchezaji huuona ulimwengu kwa macho ya mwenye silaha. Ajabu yake ni hii: akitulia, wakati nao hukaribia kusimama, na risasi huning'inia hewani, akijongea, kila kitu hujongea pamoja naye. Maadui ni sanamu nyekundu zisizo na nyuso, nazo zikipigwa huvunjika kama kioo. Damu haipo.

Kuhusu mauaji, uadilifu unatutaka tuseme kweli. Mwaka 2020 Jumuiya ya Wanasaikolojia ya Marekani ilieleza kuwa ushahidi hautoshi kuihusisha michezo hii na vitendo vya ukatili, ingawa ilikubali kuwapo kwa uhusiano mdogo na uchokozi, kama kufoka na kusukumana. Basi tusimtuhumu kijana kwa lisilothibiti. Tena mchezo huu humtaka afikiri kabla ya kutenda, na utulivu ni sifa njema.

Hatari iliyo karibu zaidi ni ya wakati. Shirika la Afya Duniani limeingiza katika orodha yake ya maradhi, iliyoanza kutumika Januari 2022, ugonjwa wa kutawaliwa na michezo ya kielektroniki. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine, na kuendelea nao hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Si kila mchezaji ni mgonjwa, lakini njia inajulikana.

Na mchezo wenyewe unatoa ushahidi. Kila hatua inapomalizika, mchezaji huonyeshwa aliyoyatenda kwa mwendo wa kawaida. Dakika alizozitumia kwa hadhari huonekana kuwa sekunde chache tu. Saa ya mchezoni ilimngoja. Saa ya ukutani haikumngoja, wala adhana. Watu wa Rungwe wanalijua hili shambani: jani la chai likishachumwa halina subira, lisipowahi kiwandani huharibika. Umri nao ni hivyo hivyo. Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Suratul Asr, na Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kuwa afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake.

Asili ya mambo ya kidunia ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Lakini mchezo unaopoteza sala, masomo au haki ya wazazi, au unaochanganywa na kamari, umetoka katika burudani.

Enyi wazazi, kumnyang'anya kijana simu kwa hasira ni kumfundisha kujificha. Keti naye, autazame mchezo nawe uutazame, mpatane muda, na sala itangulie. Kisha mpe kilicho bora: kiwanja cha mpira, kitabu, na mazungumzo yako mwenyewe. Mzazi asiye na wakati na mwanawe hana hoja ya kumlaumu kwa kuupoteza wake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie umri wetu na wa watoto wetu. Wabillahi tawfiq.