Mlio wa gurudumu upimwe kwanza, kipuri kinunuliwe baadaye

Kati ya Musumba, katika eneo la Kapanga, na Kolwezi kuna mamia ya kilometa, na sehemu kubwa ni udongo. Magari makuukuu ndiyo yanayobeba mihogo, wagonjwa na wanafunzi. Gurudumu likianza kulia, wenye gari wengi hukimbilia tairi mpya. Siku chache baadaye mlio uko palepale, pesa zimekwisha.

Mlio husema unakotoka. Ukiongezeka kwa mwendo, hata gia ikitolewa, si wa injini. Ukibadilika gari likitoka udongo kuingia lami, tairi ndiyo ya kushukiwa. Ukizidi gari linapokata kushoto, mara nyingi beringi ya kulia imechoka, maana uzito umehamia huko. Ukikwaruza dereva akikanyaga breki, zitazamwe breki.

Kisha gari linyanyuliwe kwa jeki na kuegemezwa imara. Gurudumu litikiswe juu na chini, lizungushwe kwa mkono. Likicheza au likikwaruza, ubovu umekaribia kujulikana.

Fundi anayebadilisha vipuri kwa kubahatisha anamlipisha mteja ujinga wake. Na dereva anayeongeza sauti ya redio ili asisikie anacheza na maisha ya abiria: beringi ikisagika kabisa, gurudumu linaweza kuchomoka porini, mbali na garaji yoyote. Mwenye gari adai kipimo mbele ya macho yake kabla ya kutoa hata faranga moja.