Virunga ifunguliwe kwanza kwa wenyeji

Goma – Ndugu wasikilizaji na wasomaji, nanyi familia za wahami mnaotufuata kwa simu moja mkiwa watu kumi, leo siwaletei habari ya mapigano. Nawaletea neno ambalo wengi wataliona la ajabu kwa wakati huu: matembezi. Nasema matembezi ndani ya mbuga ya Virunga, kuangalia magorila, tembo, viboko na mlima wa moto. Nasema ni haki ya mkaaji wa Kivu Kaskazini kabla ya kuwa starehe ya mgeni, na haki hiyo tumeikosa miaka mingi bila hata sisi wenyewe kuidai.

Najua jibu litakalokuja. Mama mmoja wa Kibumba, aliyelala chini ya hema pale Kanyaruchinya zaidi ya miaka miwili, alinicheka wazi. Aliniambia: «Mwanangu, sisi tunatafuta bugali, wewe unatuletea matembezi ya wazungu?» Nikamuuliza: «Mama, wewe umezaliwa chini ya mlima Mikeno. Umeshaona gorila mara ngapi?» Akajibu: «Hata siku moja. Gorila nimemuona kwenye mlango wa jeep tu, wamemchora pale.»

Mama huyo ana wajukuu, nao pia hawajamuona. Vizazi vitatu vimekaa karibu na msitu ambao watu wa Ulaya na Marekani wanapanda ndege kuja kuuona, na wao wanaujua kwa mambo mawili: kuni na risasi. Ndiyo maana nasema kuna kosa, na kosa hilo ni la zamani kuliko vita hii.

Tuanze mwanzo. Mbuga hii iliundwa mwaka 1925, wakati wa ukoloni, ikapewa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji. Ilikuwa mbuga ya taifa ya kwanza Afrika. Mipaka yake ilipoendelea kupanuliwa, kuna mababu waliokuta mashamba yao yamebaki ndani. Leo ina karibu kilometa za mraba 7,800, kuanzia volkano za hapa karibu na Goma mpaka theluji ya Rwenzori. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia. Mwaka 1994 ikaongezwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mpaka leo haijatoka humo. Nauliza: mrithi gani huyu ambaye hajawahi kuonyeshwa urithi wake?

Wakati wa amani kidogo, mambo yalikwenda hivi. Mgeni alivuka mpaka kutoka Gisenyi, akalipa dola 400 ili akae saa moja karibu na familia ya magorila. Kwa dola 300 alipanda Nyiragongo na kulala kule juu, mwenye kutazama moto ukichemka. Mwalimu wetu wa shule ya msingi akikusanya mishahara ya miezi kadhaa bila kula, labda angefikia bei hiyo. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeandika mlangoni kwamba mwenyeji asiingie. Bei peke yake ilitosha kumfungia.

Kisha hata mgeni akaondoka. Mwezi wa tano 2018 mlinzi mmoja wa kike aliuawa, na watalii wawili wa Uingereza wakatekwa kabla ya kuachiliwa. Mbuga ikafungwa mpaka mwezi wa pili 2019. Mwaka 2020 ikaja korona. Halafu M23 wakarudi na vita, na mwaka 2022 Rumangabo, palipo makao makuu ya mbuga, pakaingia mikononi mwao. Katika miaka hiyo yote, waliobaki karibu na msitu ni sisi. Watalii walirudi kwao. Sisi tulikimbilia Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala.

Na huko kambini ndipo tuliingia pori kwa njia mbaya kuliko zote. Mama zetu na dada zetu walitembea masaa mengi kutafuta kuni ndani ya mbuga, kwa sababu msaada wa unga haupikwi kwa maneno. Wengi walibakwa huko. Wengine hawakurudi. Wakati huo huo, magunia ya makala yaliendelea kuingia mjini Goma, na vikundi vyenye kumiliki silaha viliendelea kutoza pesa juu ya kila gunia. Hapa tusidanganyane: sisi tunaokaa mjini tulinunua makala hayo, nami niliyeandika haya nilinunua.

Kila mwaka tunaambiwa: «Lindeni mbuga, ni mali yenu.» Mimi sikatai. Ila mtu hulinda kitu anachokijua. Mtoto aliyesimama mita chache kutoka kwa kiboko pale Vitshumbi, akaelezwa na mvuvi kwamba kinyesi cha mnyama yule ndicho kinalisha maji ambamo samaki wanakulia, hatasahau. Miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikuwa zaidi ya 20,000. Wenye silaha wakawaua kwa ajili ya nyama na meno, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata 2,000 hawakubaki. Wavuvi wa ziwa Edouard wanajua nyavu zao zilivyokuwa zamani na zilivyo leo. Somo hilo halihitaji mtaalamu kutoka mbali. Linahitaji lori moja, mwalimu mmoja na siku moja ya amani.

Kuna watakaosema mbuga imeshatupa faida. Ni kweli, na si haki kuficha. Wakuu wa mbuga walisema asilimia 30 ya pesa za utalii ziende kwenye miradi ya wakaaji. Kituo cha umeme cha Matebe, kilichozinduliwa mwaka 2015 kwa maji ya mto Rutshuru, kimewasha taa mpaka hapa Goma. Lakini kupewa taa na kuwa mwenye nyumba ni mambo mawili. Mpangaji naye hupewa taa.

Wengine watasema magorila hushika magonjwa ya watu haraka, na wageni wakiwa wengi watawaua. Hilo pia ni kweli. Ndiyo sababu kikundi kimoja hakipiti watu wanane, wanavaa barakoa na kusimama mbali. Basi siombi watoto elfu wamiminike kwenye familia moja ya magorila. Virunga si gorila peke yake. Kuna msitu wa sokwe pale Tongo, kuna viboko na ndege wa ziwa Edouard, kuna kisiwa cha Tchegera hapa ziwani Kivu, kuna njia ya Nyiragongo inayoanzia Kibati. Mtoto wa Goma aliyekimbia lava usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ana haki ya kuonyeshwa mlima ule mchana na kuelezwa kwa nini unatoa moto.

Na wale wanaosema bila dola za wageni mbuga itakufa, wavuke mpaka waangalie Uganda. Kule mgeni analipa dola 800 kuona gorila, na mwenyeji shilingi 300,000 za kwao, ambazo hazifiki hata robo ya bei ya mgeni. Kwa maskini bado ni nyingi, lakini angalau serikali imekubali kwamba mwenyeji na mtalii si kitu kimoja. Na mbuga zao hazikufa.

Kuna neno la mwisho ambalo linanichoma zaidi. Tangu mbuga iundwe, walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini. Tarehe 24 mwezi wa nne 2020, karibu na Rumangabo, walianguka walinzi 12 siku moja, pamoja na dereva wao na raia wanne. Walinzi hawa ni watoto wa Rutshuru, wa Masisi, wa Beni, wa Nyiragongo. Damu iliyolipia magorila ni ya kwetu. Haiwezekani damu iwe ya mwenyeji na kiti cha mbele kiwe cha mgeni.

Mtaniambia: vita haijaisha, kambi za Goma zilivunjwa mwezi wa pili 2025, watu walirudi kwenye nyumba zisizo na mabati, kwa nini usingoje? Singoji, kwa sababu naijua inchi yangu. Siku amani itakapotiwa sahihi, watu wenye mikoba watakaa mezani kupanga bei, barabara na hoteli. Ambaye hakusema mapema ataambiwa mpango umeshakwisha. Kwa hiyo tuseme sasa.

Tunaomba mambo manne. Kwanza, siku mbuga itakapofunguliwa, watakaoingia kwanza wawe watoto wa vijiji vya mpakani: Kibumba, Rugari, Tongo, Vitshumbi na vingine, na yatima wa walinzi wakiwa mbele. Pili, bei ya mwenyeji iandikwe kwa franka na kwa Kiswahili, ibandikwe mlangoni, na kwa wanafunzi iwe bure siku moja kila mwezi. Tatu, kazi za kuongoza wageni, kupika na kubeba mizigo zitolewe kwanza kwa waliopoteza mashamba na nyumba pale mpakani. Nne, familia zisaidiwe kupata njia nyingine ya kupika, kwa sababu huwezi kumwambia mama aupende msitu huku unamlazimisha kuukata.

Nasi tuna kazi. Wakuu wa shule, kamati za wazazi, wachungaji, maimamu, viongozi wa wahami: andikeni ombi hili kwa jina la kijiji chenu, mlihifadhi mpaka siku ya kulipeleka. Wazee, waambieni watoto majina ya wanyama kwa lugha zenu kabla hamjayasahau. Na sisi wa mjini, tunapofunga gunia la makala, tukumbuke limepita mikononi mwa nani.

Yule mama wa Kibumba nilimsomea maombi haya yote. La kwanza hakulisifu wala hakulipinga. Alikawia kwenye la nne, akasema hilo la kuni lingekuwa la kwanza. Huenda ana haki. Kisha akauliza kama bibi naye anaruhusiwa kwenda siku ya watoto.

Mwandishi wenu, Goma.